Mafunzo ya Leseni Daraja E Jijini Mwanza: Uwanjani Wanaijua Kazi, Mpakani Hawajafika

Ukitoka Mabatini kuelekea Igoma utakutana na mabango ya vyuo vya udereva yanayoahidi mambo mawili kwa pamoja: leseni ya magari makubwa na kile kinachoitwa udereva wa kimataifa. Ahadi ya kwanza, kwa niliyoyaona katika chuo nilichosoma, inatimizwa kwa kiasi kikubwa. Ya pili haikutimizwa, ingawa ilitozwa ada yake ya nyongeza, na ningependa anayefikiria kujiandikisha alifahamu hilo kabla hajatoa fedha. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa walimu wake ni wachache na ni watu wa heshima, na kasoro nitakazozieleza zinatokana na mpango wa mafunzo zaidi ya uzembe wa mtu fulani.

Nianze na dawati la mapokezi, ambalo kwa kweli liliniridhisha. Karani alieleza bila kuzungushazungusha kwamba daraja E haliombwi na mtu anayeanza. Mwombaji anapaswa awe ameshika leseni halali ya daraja D, ile ya magari madogo, kwa muda usiopungua miaka mitatu, na kwamba E yenyewe, pamoja na kumruhusu mwenye nayo kuendesha lori lenye tela, haimruhusu kubeba abiria kwa biashara, kwa kuwa mabasi yana madaraja yake ya C. Kijana mmoja aliyekuja na D ya mwaka mmoja aliambiwa arudi muda wake utakapotimia, ingawa fedha alikuwa nazo mkononi na alikuwa tayari kulipa ada yote siku hiyo hiyo. Katika biashara ambayo madalali wake hukuahidi leseni ukiwa umekaa nyumbani, chuo kinachomrudisha mteja langoni kinastahili kusifiwa hadharani.

Mafunzo ya uwanjani ndiyo hazina ya chuo hiki, na kama ningelipia hayo peke yake nisingekuwa na neno. Uwanja ni wa vumbi, umezungukwa na mawe makubwa kama ilivyo kila pembe ya jiji letu, na gari la kujifunzia ni kichwa cha Scania kilichokula chumvi nyingi, chenye tela bapa lisilo na kuta. Juma la kwanza hakuna aliyeruhusiwa kuingia barabarani. Tulifundishwa kuunga tela na kulifungua, kazi ambayo kwa nje huonekana ya utingo, lakini ndiyo inayoamua kama mzigo utafika ama utabaki umelala kando ya barabara huku kichwa kikiendelea na safari. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu ashuke kwanza akague kimo cha tela kabla ya kurudisha kichwa nyuma, kwa sababu tela likiwa juu mno pini yake hupita juu ya kufuli la kichwa bila kushikwa, na likiwa chini mno kichwa huligonga na kulisukuma. Baada ya kusikia kufuli limefunga, hatukuruhusiwa kuliamini sikio. Breki za tela ziliachwa zimeshika, gari likaingizwa gia ya chini na kuvutwa mbele taratibu ili kupima kama kweli limenasa, kisha dereva akashuka tena, akainama chini ya tela na kuangalia kwa macho yake kwamba hakuna mwanya na kwamba mkono wa kufungulia umerudi mahali pake. Ndipo zilipofuata hosi za upepo na waya wa umeme, na mwisho kabisa kukunja miguu ya tela. Aliyeanza na miguu kabla ya hosi alirudishwa mwanzo, bila kelele na bila matusi.

Kurudi nyuma na tela kulichukua muda mrefu zaidi kuliko jambo lingine lolote, na ilistahili. Anayetoka kwenye gari dogo ana mazoea mwilini mwake ambayo lazima yavunjwe, kwa sababu ukitaka mkia wa tela uende kushoto, usukani huanza kwa kwenda kulia, na ukichelewa kuurudisha, tela hujikunja dhidi ya kichwa na kazi yote huanza upya. Mwalimu wetu, mzee aliyewahi kwenda Kigali na Bujumbura kwa miaka mingi, alisimama mahali anapoonekana katika kioo cha pembeni na alizungumza kidogo sana. Nilipokuwa nikilazimisha kona alinijia dirishani akaniambia, "Kaka, tela halina haraka. Sogea mbele, linyooshe, uanze tena." Kusogea mbele hakukuhesabiwa kuwa kushindwa, na nadhani hiyo ndiyo sababu wengi wetu tulijifunza, nimesikia kwamba kwingine mwanafunzi hupigiwa kelele hadi anaogopa kutumia nafasi aliyonayo.

Somo la breki za upepo lilitolewa pembeni mwa gari, kofia ya injini ikiwa imefunguliwa, na hapo mzee alijisahau akafundisha kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyotaka. Wengi wetu tulidhani upepo ndio unaozifunga breki wakati wote. Tulionyeshwa kwamba breki za kuegesha hufungwa na springi zenye nguvu, na kwamba upepo ndio unaozishikilia zisifunge. Kwa hiyo hosi ikipasuka na shinikizo likashuka chini ya kiwango, magurudumu hujifunga yenyewe, pengine katikati ya barabara. Tulifundishwa kumwaga maji yanayokusanyika kwenye mitungi ya upepo kila asubuhi, kusoma geji kabla ya kuondoka, na kuchagua gia ya mteremko ukiwa bado juu, kwa sababu anayeteremka kwa kukanyaga breki mfululizo huzichemsha hadi zinapoteza mshiko, na hapo geji inaweza kuonyesha upepo umejaa huku gari halisimami. Sehemu hii ningemshauri hata mwenye leseni ya zamani akaisikilize.

Barabarani tulianza kwa njia ya Kisesa kwenda Magu, ambayo ina nafasi na inanyooka, kisha tukarudishwa mjini, kwenye bodaboda wanaopenya kati ya lori na ukingo wa barabara na daladala zinazosimama bila taarifa. Sheria ya kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi na 80 nje yake kwa magari yanayozidi kilo 3,500 ilisimamiwa kikamilifu. Mwalimu alikuwa na tabia ya kuifunika geji ya mwendo kwa daftari na kukuuliza unakwenda kasi gani. Tulipata pia safari ya kupitia Usagara hadi ng'ambo ya Sengerema. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, safari hiyo haitegemei tena foleni ya kivuko, na kilomita 3 hivi za kuvuka ghuba zinamfundisha mwanafunzi namna ya kulishika gari kwenye upepo wa ziwa, hasa akiwa na tela tupu.

Neno hilo "tupu" ndilo linaloniletea lawama yangu ya kwanza. Katika muda wote wa mafunzo tela letu halikubeba hata mfuko mmoja wa mchanga. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mtu aliyefundishwa na tela jepesi hajui gari la uzito huo linavyokataa kusimama, linavyomsukuma kwenye mteremko, wala linavyotaka gia ibadilishwe mapema kwenye kupanda. Mwajiri wa kwanza ndiye atakayemfundisha, kwa mzigo wa mteja na kwa maisha ya watu wengine waliopo barabarani. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mzigo unakula matairi na mafuta. Jibu hilo ni la kweli kwa hesabu za chuo, lakini halimfai aliyelipa ada inayozidi mara kadhaa ile ya gari dogo. Jiji limejaa mawe na mchanga. Tani kumi tu zingetosha kumwonyesha mwanafunzi tofauti.

Sasa nifike kwenye huo udereva wa kimataifa. Anayesoma bango anaweza kudhani kwamba ipo leseni ya pekee ya kuvukia mpaka, au kwamba cheti cha chuo kinaongeza kitu kwenye kadi yake. Hakuna kitu cha namna hiyo. Leseni ya Tanzania ya daraja husika ndiyo ile ile utakayoionyesha Mutukula ukiingia Uganda na Sirari ukiingia Kenya. Kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho kwa hapa nchini hutolewa na chama cha wenye magari, AA Tanzania, ni waraka unaoandamana na leseni uliyonayo. Haukupandishi daraja, na chuo cha udereva hakina mamlaka ya kukuuzia. Kilichouzwa kwetu chini ya jina hilo kilikuwa kipindi kimoja cha mchana, darasani, kikiongozwa na kijana aliyesoma karatasi zilizorudufiwa hadi herufi zikafifia, wakati mzee aliyeivuka Rusumo, mpaka wetu na Rwanda, miaka nenda rudi alikuwa ameketi nje chini ya mti akisubiri zamu yake ya uwanjani.

Orodha ya nyaraka kwenye karatasi zile ilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa: pasipoti au hati ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ambayo tangu mwaka 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani bima ya kuwalinda wengine utakaowadhuru nje ya nchi, ambayo Tanzania imeendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Lakini karatasi hazikueleza hata kwa mstari mmoja jambo ambalo dereva wa Mwanza atakutana nalo ndani ya dakika za kwanza akishavuka daraja la Rusumo, au akishapita Kabanga kuingia Burundi: huko magari hupita kulia. Uganda na Kenya wanapita kushoto kama sisi, hivyo anayezoea njia ya Bunda na Tarime au ile ya Bukoba hana cha kubadilisha. Anayekwenda Geita, akashika Nyakanazi na Lusahunga hadi mpakani, anabadilisha kila kitu. Usukani wa lori letu upo kulia, na hapo dereva anajikuta ameketi upande wa ukingo wa barabara, haoni kinachokuja mbele anapotaka kulipita gari jingine hadi awe amekwisha kutoa kichwa chake nusu nzima katika njia ya wengine. Mizunguko ya barabarani huizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kona ya kushoto, ambayo kwetu ni fupi, kule inakata mbele ya magari yanayokuja, na tela lililoikata kwa mazoea ya nyumbani linaishia upande usio wake. Haya yote niliyapata kwa mzee chini ya mti, kwa kumnunulia soda, na nilisikitika kwamba darasa zima halikuyasikia. Alisema pia kwamba hatari kubwa huja wakati wa kurudi, dereva akiwa amechoka na ameshazoea kulia, naye anaingia Benaco, upande wetu wa mpaka, asubuhi na mapema barabara ikiwa tupu, bila gari la mbele la kumkumbusha.

Ninafahamu kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeandaa mtaala wa pamoja kwa madereva wa magari makubwa ya biashara, kwa hiyo mambo ya kufundisha hayakosekani. Chuo kingeweza kuchora mistari kwa chokaa uwanjani na kuwafanya wanafunzi wazunguke kwa upande wa kulia kwa nusu siku. Gharama yake isingefika hata bei ya tairi moja.

Upatikanaji wa leseni yenyewe nitaupita haraka, kwa kuwa haukuwa na tatizo. Chuo hutoa cheti cha mafunzo, macho hupimwa, askari wa usalama barabarani hukutahini kwa nadharia na kwa vitendo, na ukishafaulu unalipia mamlaka ya mapato, TRA, shilingi 70,000 kwa leseni ya miaka 5 ukiwa na namba yako ya mlipakodi. Chuo kilitupeleka kwenye mtihani na gari lile lile tulilolizoea, jambo la maana kuliko linavyosikika, na hakuna mwalimu aliyetuomba kitu cha pembeni kwa ajili ya mtahini.

Katika kundi letu alikuwepo kaka mmoja ambaye shemeji yake huendesha malori Marekani, na kila liliposemwa neno kimataifa yeye aliuliza kama cheti kile kingemfaa huko. Alijibiwa kwamba kingemsaidia, jibu lililotolewa kwa matumaini zaidi ya ujuzi, kwa hiyo naona vyema kuliweka sawa. Leseni ya biashara ya Marekani, wanayoiita CDL, hufuata viwango vya serikali ya shirikisho lakini hutolewa na jimbo ambalo dereva anaishi. Lori lenye tela linalofikia pauni 26,001, yaani takriban tani 11.8, ambalo tela lake peke yake linazidi pauni 10,000, linahitaji daraja A. Mwenye miaka 18 anaweza kupewa leseni ya kufanya kazi ndani ya jimbo lake, lakini kuvuka kwenda jimbo jingine na mzigo wa biashara kunataka miaka 21, na mzigo uliokwisha kuvuka mipaka ya majimbo unaweza kumhesabisha dereva kuwa ni wa kati ya majimbo hata kama yeye mwenyewe hajatoka kwao. Kibali cha kujifunzia lazima kikae angalau siku 14 kabla ya mtihani wa vitendo. Mtu anaweza kusomea jimbo jingine na kufanyia mtihani huko, majibu yakatumwa kwao, ila kadi itatoka jimbo la makazi yake, naye haruhusiwi kuwa na zaidi ya moja. Akihamia jimbo jingine ana siku 30 za kuihamisha. Dereva anatakiwa pia aweze kuzungumza na kusoma Kiingereza cha kutosha kwa kazi hiyo. Leseni za biashara za Kanada na Mexico hutambuliwa, lakini ya Tanzania haimo, hivyo kaka yetu atakapofika ataanzia mwanzo. Uwezo wake wa kurudisha tela nyuma ataondoka nao, na huo una thamani yake, lakini karatasi ya chuo chetu haitamfungulia mlango.

Nilichokipenda katika utaratibu wa Wamarekani ni kwamba tangu tarehe 7 Februari 2022 anayeomba CDL kwa mara ya kwanza lazima afundishwe na mtoa mafunzo aliyesajiliwa na serikali ya shirikisho, na huyo mtoa mafunzo ndiye anayethibitisha kwenye rejista kwamba mwanafunzi amemaliza masomo yaliyoagizwa kabla hajaruhusiwa kutahiniwa kwa vitendo. Kwetu, askari aliponitahini, alipima ninavyoendesha, na alipima vizuri. Hakuwa na sababu ya kuuliza kama niliwahi kuambiwa lolote kuhusu Rusumo, ingawa nilikuwa nimelipia somo hilo.

Kwa mtu anayetaka kuendesha lori ndani ya nchi, kubeba pamba, saruji au minofu ya sangara kutoka viwanda vya ziwani, chuo hiki ninakipendekeza bila kusita, mradi akubali kwamba mzigo wa kwanza ataubeba akiwa bado mgeni nao, na amwombe mwajiri ampe dereva mzoefu wa kukaa naye. Kwa anayelenga safari za Kigali au Bujumbura, mwenye uwezo na muda wa kwenda Dar es Salaam aulizie mafunzo ya madereva wa malori yanayotolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kabla hajaamua. Anayebaki Mwanza aende uwanjani siku ya kazi bila kutoa taarifa, atazame tela lina nini juu yake na ni wangapi wanaosubiri lori moja, kisha aulize ni nani hasa anayefundisha habari za mpaka na kama mtu huyo amewahi kuuvuka akiwa nyuma ya usukani. Katika chuo chetu ada ya udereva wa kimataifa iliandikwa kwenye stakabadhi kwa mstari wake, mbali na ada ya msingi. Waliomwomba karani aiondoe kabla ya kulipa waliondolewa ada hiyo bila ubishi, na wakafanya mtihani ule ule pamoja nasi.